Mgonjwa wa OCD apewe tiba kwanza

Tangu Agosti 1, 2023, mwenye ugonjwa wa OCD katika jimbo la Minnesota, Marekani, anaruhusiwa kuandikishwa na kununua bangi kama mgonjwa. Habari za namna hii hufika upesi kwenye simu za vijana wetu, na kinachobaki vichwani ni neno moja: bangi inatibu. Ushahidi uliopo hausemi hivyo.

OCD, ugonjwa wa mawazo sumbufu na msukumo wa kurudia vitendo, unatesa. Mtu hunawa mikono hadi ngozi inachubuka. Hurudi mlangoni mara kumi kuhakikisha amefunga. Hurudia udhu mpaka wenzake wamemaliza kuswali. Mwingine huandamwa na wazo la kumdhuru mwanawe anayempenda, wazo analolichukia kuliko yeyote. Wengi wao wanajua kuwa hofu hiyo haina msingi, lakini hawawezi kujizuia. Ukija msongo wa mitihani, madeni au msiba, dalili huzidi. Anayetafuta nafuu popote katika hali hiyo hastahili kuchekwa.

Nafuu ya bangi wapo walioieleza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State walichambua kumbukumbu za watu 87 waliojieleza kuwa na OCD, walioandika hali zao kabla na baada ya kuvuta. Kwa kumbukumbu hizo, msukumo wa kurudia vitendo ulipungua kwa asilimia 60 na wasiwasi kwa asilimia 52. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Isitoshe, kadiri walivyoendelea kuvuta, nafuu dhidi ya mawazo sumbufu ilipungua, na ukali wa dalili kabla ya kuvuta ulibaki karibu palepale. Ugonjwa haukusogea.

Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya jaribio kwa wagonjwa 14, lililotumia sigara za bangi na nyingine zilizoondolewa kemikali zake. Bangi haikuonyesha faida ya maana kwa dalili za OCD, na mara baada ya kuvuta, wasiwasi ulikuwa mdogo zaidi walipovuta sigara tupu.

Hata msongo wenyewe hautulizwi kirahisi hivyo. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2017 uliwapa watu wenye afya THC, kemikali inayolevya katika bangi, kisha ukawatia kwenye mtihani wa kuwabana. Miligramu 7.5 ziliwapunguzia msongo, miligramu 12.5 ziliwaharibia hali ya moyo. Anayenunua kete kichochoroni atapimaje tofauti hiyo? Na kwa kijana, bangi kali inayovutwa mara kwa mara huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili.

Kubwa kuliko yote ni namna OCD inavyojilisha. Hofu inapanda, mtu ananawa, hofu inashuka. Ubongo unajifunza kwamba kunawa ndiko kulikookoa, na kesho unadai tena. Bangi inayovutwa kila hofu inapopanda inaweza kushika nafasi ileile.

Tiba yenye ushahidi inakata mzunguko huo. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliionyesha London mwaka 1966: mgonjwa, akiwa na mtaalamu, hukabili kile anachokiogopa bila kufanya kitendo alichokizoea. Anashika kitasa, hanawi, anangoja. Akirudia hivyo hatua kwa hatua, anajifunza kwamba anaweza kuihimili hofu bila kunawa. Dawa nazo zipo: fluoksetini, sertralini, na klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, mara nyingi 8 hadi 12, kwa hiyo mgonjwa aambiwe mapema asije akazikatia tamaa.

Tunaitaka Wizara ya Afya ihakikishe dawa hizi zinapatikana katika hospitali za mikoa na wilaya, na wauguzi na maofisa tabibu wafundishwe tiba ya kukabili hofu. Mgonjwa wa Kibondo asilazimike kusafiri hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ili kusikilizwa. Na anayemwambia daktari kwamba anavuta bangi atunziwe siri na atibiwe. Akitishiwa polisi, hatarudi.

Utafiti wa bangi uendelee, na siku majaribio makubwa yakithibitisha faida yake, tutaliandika hilo bila kusita. Kwa sasa bangi ni kosa kwa sheria zetu, na haijathibitishwa kutibu OCD. Kwako unayeteseka: usiache dawa ulizoandikiwa ukakimbilia moshi. Nenda hospitali, eleza hata wazo unaloliona la aibu. Ugonjwa huu una tiba, na ni haki yako kuipata.