Mwamba Ngoma na Kanuni za Bunge

Wananchi wengi hudhani kwamba sheria huzaliwa siku ile kura za mwisho zinapohesabiwa Bungeni. Ukweli ni kwamba majaliwa ya miswada mingi huamuliwa mapema zaidi, siku ambayo Bunge hupitisha kanuni zake lenyewe. Siku hiyo haina shangwe, lakini ndiyo siku ya kutazamwa kwa makini.

Jimbo la Texas nchini Marekani ni mfano ulio wazi. Katiba yake ya mwaka 1876, ambayo ingali ikitumika, inalipa kila Baraza la Bunge mamlaka ya kujitungia kanuni za shughuli zake. Mkutano wa kawaida huanza Januari kila baada ya miaka miwili, na hauzidi siku 140. Mwanzoni mwa mkutano huo, Seneti yenye wajumbe 31 hupitisha kanuni zake upya kwa wingi wa kura tu.

Kwa miaka mingi Seneti hiyo ilikuwa na desturi ya pekee. Muswada ambao hakuna aliyekusudia kuupitisha uliwekwa juu ya orodha, ukaziba njia kama gogo. Kujadili muswada mwingine wowote kulihitaji kutengua utaratibu wa orodha kwa theluthi mbili ya kura, yaani kura 21 iwapo wajumbe wote wamo. Hivyo upande wa wachache, hata ukiwa na wajumbe 11 tu, ulikuwa na sauti isiyoweza kupuuzwa.

Mwaka 2015 chama cha Republican kilikuwa na wajumbe 20. Theluthi mbili ikaondolewa, ikawekwa sehemu tatu kwa tano, yaani kura 19. Mwaka 2021 chama hicho kilikuwa na wajumbe 18. Kanuni ikabadilishwa tena kuwa sehemu tano kwa tisa, yaani kura 18. Mwezi Mei mwaka huo huo, muswada wa kuruhusu kubeba bastola bila kibali ulipita katika Seneti kwa kura 18 dhidi ya 13. Chini ya kanuni ya zamani, wajumbe hao 13 wangeweza kuuzuia hata usijadiliwe.

Wanaotetea mabadiliko hayo husema kwamba walio wengi walichaguliwa ili watawale, na si haki wachache wawafungie mlango. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kama kinga ya wachache ilikuwa kosa, mbona haikufutwa kabisa? Kiwango kinachohamahama kwa kufuata viti vya chama kimoja si kanuni tena. Mwalimu anayeshusha alama za kufaulu baada ya kuona mwanawe amepata ngapi hawezi kusema kwamba ametunga mtihani wa haki. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake.

Dawa haiko mbali. Katiba hiyo hiyo inataka theluthi mbili ya wajumbe ili kutimiza akidi, na sharti hilo haliwezi kufutwa asubuhi moja: kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya kila Baraza na kisha ridhaa ya wapiga kura. Kinga iliyo ya maana na iwekwe humo. Ama sivyo, badiliko lolote la kanuni lianze kutumika baada ya uchaguzi unaofuata, wakati ambapo hakuna ajuaye ni upande gani utakaokuwa na wengi.