Usiliuze basi, lisogeze mbele

Kama unacheza Football Manager, hadithi hii unaijua. Ulichukua katimu kadogo, pesa hakuna, nusu ya wachezaji ni wa mkopo na nahodha ana miaka 34. Ukapanga mabeki wanne, viungo wakabaji wawili mbele yao, straika mmoja mwenye mbio, na agizo likawa moja tu: tukae nyuma, wakija tuwapige kaunta. Ikajipa. Vigogo walikuja kwako wakaondoka wamenuna. Msimu wa kwanza ukaponea kushushwa daraja, wa pili ukamaliza nusu ya juu ya jedwali.

Halafu msimu wa tatu, manze, mambo yanageuka. Jumamosi unampiga bingwa mtetezi 1-0, Jumatano unatoka sare tasa na timu inayoshika mkia. Wiki inayofuata timu nyingine dhaifu inakufunga kwa kona dakika ya 88. Unaangalia takwimu: mpira umekaa nao wewe muda mwingi, mashuti umepiga kibao, bao hakuna. Hapo ndipo wengi wenu mnazima mashine, mnasema gemu inawaibia, kisha mnaenda mtandaoni kupakua mbinu ya msee mwingine iliyojaa washambuliaji watupu.

Mimi nasema hivi: gemu haijakuibia, na mbinu yako ya kujilinda bado ni nzuri. Kilichobadilika ni jinsi wapinzani wanavyokuona.

Makocha wa kompyuta kwenye gemu hii hawapangi timu kwa kubahatisha. Wanaangalia sifa ya timu yako na nani anatarajiwa kushinda. Ulipokuwa mnyonge walikujia kwa kiburi, mabeki wao wakapanda, wakakuachia uwanja mzima nyuma yao. Sasa jina lako limekua, wanakaa nyuma. Kaunta yako inahitaji nafasi, na nafasi hiyo haipo tena. Mnabaki kama watu wawili kwenye mlango wa matatu, kila mmoja anamwambia mwenzake aingie kwanza, na gari halitoki.

Haya si mambo ya gemu pekee. Julai 2004 Ugiriki walitwaa Euro kwa ukuta wa kocha Otto Rehhagel, wakawafunga Ureno 1-0 kwenye fainali, kwao Ureno kabisa. Septemba mwaka huohuo walienda Tirana wakiwa mabingwa wa Ulaya, wakapigwa 2-1 na Albania. Kombe la Dunia la 2006 wakalitazama kwenye runinga. Leicester City nao walishinda ligi ya Uingereza 2016 kwa kukaa nyuma na kumtupia Jamie Vardy mipira. Msimu uliofuata walimaliza nambari 12, na Claudio Ranieri alikuwa ameshafutwa tangu Februari.

Na si lazima twende mbali. Agosti 2025, kwenye CHAN hapa nyumbani, Harambee Stars waliilaza Moroko 1-0 huku wakicheza kipindi cha pili chote wakiwa watu kumi. Walijilinda hadi tukakosa pumzi sisi watazamaji. Ikaja robo fainali na Madagaska. Safari hii nchi nzima ilitarajia tushinde. Tukaongoza, wakasawazisha, tukatolewa kwa penalti. Kuzuia mkubwa ni kazi moja. Kummaliza yule unayetarajiwa kummaliza ni kazi nyingine.

Sasa usikimbilie kusema basi difensi haifai. Hili neno la kupaki basi lilipata umaarufu Septemba 2004, José Mourinho alipolalamika kwamba Tottenham walileta basi lao wakaliegesha golini pale Stamford Bridge, mechi ikaisha 0-0. Lakini angalia alichofanya mlalamishi mwenyewe msimu huo. Chelsea yake ilifungwa mabao 15 pekee katika mechi 38, ikashinda 29 na kumaliza na pointi 95. Ilikuwa na ukuta mgumu kuliko wote, na bado ilizifunga timu ndogo. Kwa hivyo ukuta na ushindi vinaweza kukaa nyumba moja. Suala ni ukuta unausimamisha wapi.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza, pandisha laini ya mabeki, na pandisha pia pale mnapoanza kukaba. Ukinyang'anya mpira kwenye boksi lako, una safari ndefu hadi lango lao, na wao watakuwa wameshajipanga. Ukiunyang'anya karibu na katikati, unawakuta wametawanyika, na hiyo ni kaunta ileile yako, imefupishwa tu. Lakini angalia mbio za mabeki wako. Kama yule mzee wa miaka 34 ana mbio 8 kati ya 20, mpandishe hatua moja, si tatu.

Pili, usiweke timu nzima kwenye mashambulizi. Hili ndilo linalowaua wengi. Ukifanya hivyo kila mtu anaharakisha, pasi zinapotea, na watu kumi wanaenda kujazana mahali ambapo wapinzani kumi tayari wamejazana. Acha timu ilivyo, badilisha watu wawili. Fulbeki mmoja apande, mwenzake abaki. Kati ya wale viungo wakabaji, mmoja abaki na mwingine apishe mtu anayejua kupiga pasi ya kufungua. Bado una mabeki watatu na kiungo mmoja nyuma, na hao wanatosha kumlinda straika mmoja aliyeachwa mbele peke yake.

Tatu, tanua uwanja na upunguze kasi. Basi halisukumwi kwa kichwa, linazungukwa. Peleka mpira kushoto, urudishe kulia, mpaka mmoja wao achoke kufuata. Na kona usizipuuze. Timu ya kujilinda huwa na mabeki warefu. Wape kazi kule mbele pia.

Nne, na hapa ndipo utamu ulipo: ukishapata bao, rudi nyumbani. Aliyefungwa lazima atoke nje kutafuta la kusawazisha, na akitoka anakuachia ile nafasi uliyokuwa unaililia. Rudisha laini chini, mwachie straika wako uwanja. Mbinu yako ya zamani haijafa, ilikuwa inasubiri bao la kwanza.

Jaribu jambo moja kwa wakati, mechi tatu au nne, kabla ya kugusa lingine. Ukibadilisha vitu sita usiku mmoja, hata ukishinda hutajua ni kipi kilikuponya.

Kuna atakayesema hii ni gemu tu, kwani kuna nini ukipakua mbinu ya mtu? Kuna hili. Umechoma tokeni za stima misimu mitatu ukiijenga hiyo timu. Unajua nani mvivu, nani anapenda mechi kubwa, nani huchoka dakika ya 70. Aliyeandika ile mbinu ya mtandaoni hamjui hata mmoja wao. Ikifanya kazi, hujajifunza kitu. Ikigoma, hujui pa kurekebisha.

Na sisi wa mtaani hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mimi chuo sikumaliza, na sitakudanganya kwamba gemu ni digrii. Lakini wengi wetu tumeishi kwa kujilinda: usiguse akiba, usijionyeshe, subiri nafasi. Ukianza kutambulika, nafasi hazikujii vile tena. Mteja anataka umtafute wewe, na watu wanangoja uanze. Wengine wakifika hapo wanaamua kuwa mtu mwingine kabisa, wanatupa hata ile nidhamu iliyowafikisha. Hakuna haja. Ibebe, songa nayo hatua chache mbele.

Leo usiku ukifungua mashine, una mechi na timu ya mkiani. Wasogeze mabeki wako hatua moja kabla ya kipenga.