Nani Atakuwa Katibu?

Chama kinapochagua viongozi hapa Ruring'u, mwenyekiti hupatikana mapema, na mweka hazina vilevile. Kwenye nafasi ya katibu ndipo watu huanza kutazamana. Mama anayekumbuka kilo zake zote za kahawa za msimu uliopita, tena anayesimama kanisani akazungumza bila karatasi, atasema hawezi kuandika kumbukumbu za mkutano. Shule amesoma. Herufi anazijua. Kilichomtoka ni ujasiri, na nina hakika ulimtoka akiwa darasani.

Wangari Maathai alisoma papa hapa Nyeri, St. Cecilia's katika misheni ya Mathari, miaka ya 1950. Katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 anaeleza jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama alivyovishwa beji ya aibu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o naye alisimulia adhabu ya namna hiyo alikosoma, upande wa Limuru. Kosa lilikuwa la mdomo, lakini hofu yake ilishuka hadi mkononi: mtoto aliyezoea kuponzwa na maneno huandika yale machache tu ambayo hayawezi kumponza.

Wapo wanaojibu kwamba shule hizo hizo ndizo zilizotupa Maathai na Ngũgĩ. Ni kweli, na ukali wa sarufi uliwafaa. Ila shule haipimwi kwa wawili waliopenya huku wenzao wa dawati moja wakisahauliwa. Tena mtazame mwandishi Gakaara wa Wanjau. Alisoma Tumutumu, akaingia Alliance, akafukuzwa mwaka 1940 baada ya mgomo. Vitabu alivyoandika kwa Kikuyu na kuvichapa mwenyewe Karatina hakutumwa kuviandika na mwalimu yeyote. Shajara yake ya kizuizini, ya miaka ya Hali ya Hatari, ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Shule ilimpa herufi. Sababu ya kuandika aliipata kwingine.

Kizazi kilichofuata kilikutana na hofu hiyo kwenye insha. Hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto walikaririshwa methali ya kufungulia, jua la kuchomoza na ndege wa kuimba. Mtoto wa hapa alitunga ajali ya barabara asiyoijua, huku asubuhi ya kuchuma majani chai na nyanya yake, ambayo aliijua kwa vidole vyake, ikibaki bila kuandikwa. Kisha daftari lilirudi limejaa wino mwekundu, makosa yote yamehesabiwa, bila neno hata moja juu ya alichosimulia. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001. Ukimya huu haukuguswa na sheria yoyote, na kwangu ndio ulioharibu zaidi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, umefungua nafasi, lakini mwalimu mwenye rundo la madaftari usiku hatabadilika kwa sababu ya mtaala peke yake. Tahajia lazima asahihishe. Barua kwa chifu yenye makosa humwaibisha mwandishi wake. Ninachomwomba ni mpangilio tu. Mwalimu, soma insha hadi mwisho kalamu ikiwa mezani, andika swali moja kuhusu jambo ambalo mtoto amelisema, ndipo uanze kusahihisha. Nawe mzazi, daftari likija nyumbani, mwambie mtoto akusomee kabla hujauliza amepata ngapi.