Ilagala: Tatizo ni fedha, au ni masharti ya mwenye fedha?

KATA ya Ilagala, wilayani Uvinza, iko kusini mwa mji wa Kigoma, jirani na mahali Mto Malagarasi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ardhi yake inastawisha michikichi na mihogo, na ziwa linatoa dagaa na migebuka. Kwa nini basi eneo lenye neema kiasi hicho lina watu wanaohangaikia sare za shule na dawa?

Wapo wanaodai kwamba mchawi ni fedha yenyewe. Hoja hiyo ina mizizi katika historia. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na vijana wengi wa Kigoma wakalazimika kwenda umanamba katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kwa miaka mingi mkoa ulibaki chemchemi ya nguvukazi rahisi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikusudia kuvunja mnyororo huo. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa, mamlaka za serikali zikachukua nafasi yake. Unyonyaji wa mlanguzi ulipigwa vita, lakini mkulima akajikuta na mnunuzi mmoja asiyejadiliana naye bei. Mapema miaka ya 1980 hata sabuni ilikuwa adimu.

Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na soko likaanza kufunguliwa. Bidhaa zilirudi madukani. Hata hivyo, takwimu za Bara zinaonyesha kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kwa kasi ndogo, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini haikupungua, bali iliongezeka.

Mifumo miwili, jeraha moja. Kiini chake huonekana mwaloni. Mvuvi asiye na mtaji hukopa mafuta na nyavu kwa mfanyabiashara, naye hulazimika kumuuzia samaki kwa bei anayoipanga mkopeshaji. Mkulima mwenye shida huuza chikichi kabla hazijaiva. Hapo fedha haikuzaa umaskini. Iliyeuzaa ni tofauti kati ya anayeweza kusubiri bei nzuri na asiyeweza.

Uvuvi katika ziwa hilo uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, tofauti hiyo ilipata uzito zaidi. Hatua ilikuwa na manufaa kwa wote, lakini miezi mitatu bila kipato si mzigo sawa kwa mwenye akiba na kwa kibarua wa mtumbwi.

Mchikichi nao una funzo lake. Mwaka 2018 Serikali ilizindua kampeni ya kuufufua mkoani Kigoma, wakati ambao zaidi ya nusu ya mafuta ya kula nchini yalitoka nje. Mbegu bora zinaongeza mavuno, lakini mkulima anayeuza chikichi ghafi kwa dhiki atamwachia mwenye mashine faida ya kukamua.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji binafsi chini ya leseni. Ni hatua njema, ila sheria peke yake haimpi mvuvi wavu. Anahitaji chama cha akiba na mikopo kinachoendeshwa kwa uaminifu, ghala la kuhifadhia dagaa waliokauka, na mashine ya kukamua mawese inayomilikiwa na wakulima wenyewe.

Mnyonge hana haki, walisema wahenga. Ilagala inaonyesha kwamba unyonge huo huanza pale mtu anapolazimika kuuza leo kile ambacho kesho kingempa bei maradufu. Mfumo wowote usiomwezesha kusubiri, uitwe wa kijamaa au wa soko huria, utamwacha pale pale ulipomkuta.