Yatokanayo

Aliyezoea vikao vya kijiji anaijua ajenda kwa kichwa: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za kamati, mengineyo, kufunga. Katika mpangilio huo mazingira yana kiti chake, nacho kipo nyuma kabisa, kwenye mengineyo. Jua limeshainama, kina mama wanawaza chakula cha jioni, vijana wamesimama wanakung'uta vumbi, ndipo mtu mmoja ananyoosha mkono na kusema kwamba kule juu ya chanzo cha maji kuna tanuri la mkaa linalofuka. Mwenyekiti anaahidi kulifuatilia. Mtendaji anaandika: mwenyekiti aliahidi kulifuatilia. Kwa utaratibu, sentensi hiyo inapaswa kurudi kikao kijacho, mara tu muhtasari ukishathibitishwa, na mtu aulize tanuri lile limefikia wapi. Mara nyingi hairudi. Kikao kijacho kina mchango wa darasa, kina wageni kutoka wilayani, na yatokanayo yanarukwa ili muda utoshe. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya sentensi hiyo iliyoachwa daftarini.

Hoja yetu ni moja. Habari za kijiji kuhusu kazi za halmashauri yake na hali ya msitu, maji na udongo wake ni sehemu ya hifadhi yenyewe, sawa na doria na sheria ndogo. Na katika habari hizo, yenye uzito kuliko zote ni habari ya yatokanayo: lililoamuliwa limefanyika au halikufanyika, faini iliyotozwa imeingia wapi, mche uliopandwa uko hai au umekauka. Kijiji kisichoambiwa hayo kinaweza kuwa na sheria nzuri kuliko zote wilayani, na msitu wake ukaendelea kwisha.

Wala hili si wazo la waandishi kujipa umuhimu. Limekuwamo ndani ya sheria za Tanzania kwa miaka mingi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, kuwa chombo cha juu kijijini, na mkutano huo hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilikwenda mbali zaidi. Iliitaka halmashauri ya kijiji iisimamie ardhi kama mdhamini anayesimamia mali ya wengine, ikaizuia kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na ikaiagiza kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida na kuzingatia maoni ya wanakijiji. Ikafuata Sheria ya Misitu ya 2002, iliyoviruhusu vijiji kutenga hifadhi zao za misitu, kisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, iliyoweka kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Ukizisoma pamoja, unaona kwamba mwanakijiji alikabidhiwa vitu viwili kwa mkono mmoja: rasilimali, na haki ya kuambiwa. Cha kwanza tumekisemea sana katika semina na warsha. Cha pili tumekiachia ubao wa matangazo, pale kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, ambapo karatasi ya mapato na matumizi imefifia kwa jua hadi tarakimu hazisomeki, na juu yake pamebandikwa tangazo la chanjo ya mifugo.

Sisi wa magazeti hatuna pa kujificha. Tunapoandika mazingira ya vijijini, tunaandika siku ya kupanda miti. Tunamwandika kiongozi aliyeshika koleo, tunataja idadi ya miche, tunaweka picha. Kila halmashauri ya wilaya nchini imekuwa ikitakiwa kupanda na kutunza miti milioni 1.5 kwa mwaka. Neno "kutunza" limo ndani ya agizo, lakini ni nadra kulikuta kwenye habari. Mche uliotiwa ardhini mwezi Machi unahitaji mtu mwezi Septemba, wakati udongo umepasuka, mbuzi wamekosa majani mahali pengine, na boma la miiba lililozungushwa siku ile limeshakwenda kuwa kuni. Hakuna kamera mwezi Septemba. Mwaka unaofuata inapandwa miche mingine, huenda kwenye mashimo yale yale, na idadi inajumlishwa juu ya ile ya mwanzo kana kwamba yote ipo. Habari ya kweli ingekuwa fupi: ilipandwa mingapi, imebaki mingapi, na kamati imesema nini.

Anayetaka ushahidi kwamba taarifa hulinda mti na aitazame Shinyanga. Mkoa ule ulifikia hatua ya kuitwa jangwa la Tanzania. Misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na uhamisho wa vijiji wa miaka ya 1970 ukawatenga watu na ngitili zao, yale maeneo ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga msimu wa mvua ili majani na miti vibaki kwa ajili ya kiangazi. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ngitili zilizorekodiwa hazikuzidi hekta 611. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ni kweli kulikuwa na wataalamu, vitalu vya miche na fedha za wafadhili. Lakini sehemu kubwa ya eneo lile haikupandwa miche. Iliachwa ijiotee yenyewe kwa kuzuia mifugo. Na kufunga malisho ni kazi ya taarifa kabla ya kuwa kazi ya kitu kingine chochote. Lazima kila mwenye ng'ombe ajue mpaka unapita wapi, umefungwa lini, utafunguliwa lini, na atakayeingiza mifugo atalipa nini. Asipojua mmoja tu, kundi lake moja kwa usiku mmoja linatosha kurudisha kazi nyuma. Hayo yalizungumzwa na kuamuliwa hadharani, katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu wakayasimamia. Aliyetozwa faini alitozwa mbele ya watu, kwa kanuni aliyoisikia ikipitishwa.

Babati nako kuna funzo lake, na hili linatugusa zaidi kwa sababu linaonyesha pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Watu wa vijiji vinavyouzunguka waliipata habari hiyo kwa namna mbaya kuliko zote: waliona upimaji na alama za mipaka. Mtu anayeona msitu aliokulia unawekewa mpaka bila kuulizwa huamini kitu kimoja, kwamba unachukuliwa, na akiamini hivyo atakata leo kile anachohofia kunyimwa kesho. Mpango ulipogeuzwa, vijiji 8 vikakabidhiwa usimamizi, kila kimoja kikakaa na watu wake, kikaamua nini kiruhusiwe na nini kizuiwe, kikateua walinzi miongoni mwa vijana wake, na mwaka 1995 sheria ndogo zao zikapata idhini ya halmashauri ya wilaya. Miti ilikuwa ile ile na majirani wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliamua wao, na kila kilichoamuliwa walikisikia kwa masikio yao.

Kilwa imeliingiza jambo hili hadi ndani ya gogo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Mti unaosemwa hapo zaidi ni mpingo, unaochukua takriban miaka 70 hadi 100 kukomaa, ambao ughaibuni hutengenezewa klarineti. Cheti cha namna hiyo hakitolewi kwa kuutazama msitu tu. Hutolewa kwa kufuatana na karatasi: gogo lililofika kiwandani liweze kurudishwa, kumbukumbu kwa kumbukumbu, hadi kwenye msitu lilikotoka. Tunauliza kwa dhati kabisa: ikiwa mnunuzi aliye ng'ambo ana haki ya kujua gogo lilikatwa wapi, mama wa Kikole hana haki ya kujua fedha ya gogo hilo imejenga nini?

Magazeti ya Kiswahili yaliwahi kuijua kazi hii. Kiongozi, lililochapwa Tanga kuanzia 1904, na Mambo Leo, lililoanza 1923, yote yalikuwa ya serikali za kikoloni na yalisema waliyotaka watawala. Hata hivyo, yalitoa nafasi kwa waandishi wa mikoani waliotuma habari za kwao, za mvua, nzige, njia na wanyama waharibifu. Baada ya uhuru zikaja kampeni za redio, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Misitu ni Mali mwaka 1980, zilizowakusanya watu wazima kwa vikundi wasikilize na kujadiliana. Zilifanya kazi kubwa. Ila sauti ilishuka kutoka studio kwenda kijijini, na kilichotendeka kijijini hakikuwa na njia nzuri ya kupanda.

Lipo pingamizi tunalolisikia mara kwa mara, kwamba hizi ni habari ndogo, na zikichapwa zinageuka umbea. Udogo hatuukatai. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na tanuri moja la mkaa si habari ya taifa. Lakini msitu hauishi kitaifa. Unaisha kwa matanuri, moja baada ya jingine, na kila tanuri lina kijiji chake. Kuhusu umbea, tofauti iko wazi. Umbea husema fulani anakata miti. Taarifa husema kamati ilitoza faini 3 robo hii, jumla ni kiasi fulani, stakabadhi zipo, fedha zimelipia sare za walinzi. Ya pili haihitaji jina la mtu yeyote. Tena umbea hustawi pale taarifa inapokosekana: mtu asiyejua faini imekwenda wapi atajijazia mwenyewe, na mara nyingi atamjazia mwenyekiti mfukoni.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama na amani. Kijijini watu huzikana. Mlinzi wa msitu anayetajwa gazetini kesho anakutana kisimani na shemeji wa aliyemkamata, na wazee husema funika kombe mwanaharamu apite. Tunalichukua pingamizi hili kwa uzito wote, na ndiyo maana katika kurasa hizi hakuna jina la mlinzi, mtoa taarifa wala mtuhumiwa. Lakini tusichanganye kumsitiri mtu na kulisitiri jambo. Mlinzi aliye hatarini zaidi ni yule anayefanya kazi ambayo kijiji hakijaambiwa, kwa sababu aliyekamatwa anaona ameonewa na mtu binafsi. Kanuni ikisomwa mkutanoni, na idadi ya makosa ikasomwa kila robo mwaka, aliyemkamata anakuwa kijiji kizima.

Wengine watasema tunakitwisha kijiji mzigo usio wake. Mkaa unachomwa kijijini lakini unaliwa Dar es Salaam. Kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na usipofaulu, hakuna ubao wa matangazo utakaozuia magunia kupanda lori usiku. Hatudai kwamba taarifa inatosha. Tunadai kwamba bila taarifa kijiji hakiwezi hata kudai haki yake kwa wilaya na taifa, maana hakina hesabu ya kupeleka: magunia mangapi yamepita, kwa kibali cha nani, ushuru ukaishia wapi.

Kuna jambo moja zaidi linalotuuma. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Wapo, wanahudhuria, na muhtasari unaandika "wajumbe walichangia". Wanaochota maji ndio wa kwanza kujua kisima kimeshuka mikono mingapi tangu mwaka jana, na maarifa hayo yanapotelea ndani ya maneno hayo mawili. Waandishi wetu tumewaomba waende kwa hao kabla ya kwenda ofisini.

Ombi jingine tulilowapa ni kwamba kila habari katika toleo hili ianze na kile kikao kilichopita kiliagiza nini na leo hali ikoje. Baadhi wamepata majibu kamili, pamoja na stakabadhi. Wengine wameambiwa jambo bado linafuatiliwa. Hapo hatukuandika zaidi ya hilo. Tumepiga mstari, tukaweka tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji hicho, na chini yake tukaacha karatasi nyeupe.