Makuti Si ya Njano
Hapa Vigwaza malori ya Barabara ya Morogoro hupimwa mizani. Mimi napima vijumba ninavyotengeneza kwa rula ya shule. Kila futi 1 ya nyumba ya kweli naifanya inchi 1, basi mlango wa futi 6 unakuwa inchi 6. Wenzangu wanaotengeneza vijumba vya mapambo hukadiria kwa macho, ndiyo maana mtungi wao haupiti mlangoni!

Rangi ndiyo inayoniudhi zaidi. Nyekundu ya bati ukiipaka ilivyo kwenye kipaa kidogo, inawaka mno. Naichanganya na chokaa na vumbi la udongo wetu mpaka ififie. Na makuti ya miaka mitatu si ya njano, jamani, ni ya kijivu. Mjukuu wangu aliniuliza, “Babu, mbona nyumba chafu?” Nikamwambia akatazame jiko la bibi yake.