Uso wa Nyumba ni wa Nani?

Hivi karibuni tulikuwa safarini kutoka Kayanga kwenda Nkwenda, gari letu likaharibika njiani, nasi tukapata saa tatu nzima za kukaa chini ya mti na kutazama nyumba za watu. Kuchungulia miji ya wenzetu si tabia nzuri, tunakiri, lakini ukikalishwa saa tatu utafanya nini? Tukaona jambo ambalo siku zote tunalipita mbio. Nyumba nyingi pale barabarani zilikuwa zimepigwa lipu upande mmoja tu, ule unaotazama barabara. Mbele kuna lipu safi, rangi ya maziwa, mkanda mwekundu chini na grili ya maua dirishani. Ukizunguka ubavuni unakuta matofali matupu, na nyuma ni hayo hayo matofali, yameanza kuliwa na mvua.

Mmoja wetu akasema, "Nyumba hii ina uso, haina mgongo." Tukacheka. Baadaye mama mwenye nyumba mojawapo akatuonea huruma, akatuita tunywe chai. Hatukuingia kwa mlango wa mbele. Tulipita nyuma, kama wanawake wapitavyo, tukakaa kwenye vigoda karibu na jiko lake.

Tulimsifu kwa nyumba yake nzuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huo uzuri ninyi wapita njia ndio mnaouona. Mimi ninakaa huku."

Basi akatusimulia. Binti yao alipoposwa, baba alitaka wageni wakute nyumba yenye heshima. Fedha hazikuwapo. Akauza kahawa kwa butura, yaani ikingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, bila kumwuliza mkewe. Lipu ikapigwa, rangi ikapakwa, wageni wakaja, wakala, wakasifu. Miezi ikapita, kahawa ikaiva pale pale mbele ya ule uso mpya, akaja mwenye fedha zake akachuma na kubeba. Mwaka ule mtoto wao wa tatu hakuenda kidato cha kwanza kwa wakati.

"Na wageni wenyewe," akaongeza, "yule bibi wa upande wa mwanamume hakuketi mbele hata dakika kumi. Alikuja moja kwa moja huku jikoni, akaniomba nimwonyeshe choo."

Hapo tulijikumbuka sisi wenyewe. Je, si hivyo tunavyofanya tunapokwenda kutazama nyumba atakayoolewa binti yetu? Wanaume huhesabu mabati. Sisi tunatazama mtungi una kifuniko au hauna, kuni zimepangwa wapi, na mashimo ya majivu yako mbali kiasi gani na jiko.

Wazee wa Karagwe hawakuwa na taabu hii ya lipu. Msonge ulisimama katikati ya migomba, na mtu aliyepita njiani hakuiona nyumba kabisa. Aliona kibanja, na kibanja ndicho kilichotangaza habari za waliomo: majani makavu yamekatwa au yananing'inia, matandazo ni mazito au ardhi iko uchi, mikungu inategemezwa au imeachwa ianguke. Hata kwa mfalme ilikuwa hivyo. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika huko Bweranyange mwaka 1861, walikuta nyumba za nyasi. Stanley naye alipokuja mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina, ambayo kwa nje ilikuwa nyasi vilevile, na ndani mikuki na sanamu za ng'ombe. Siku hizi tumepindua. Hazina tumeipaka ukutani nje, na ndani mara nyingine hata godoro la watoto hakuna.

Lakini tusiende haraka kuwahukumu wanaopamba. Tukisema kwamba sura ya nje ni upuuzi mtupu tutakuwa tumesema uongo. Wengi wetu tunakumbuka, au tumesimuliwa na mama zetu, ile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Ule nao ulikuwa usafi wa nje, na uliwafaa wenye nyumba kabla haujamfaa mgeni yeyote. Uwanja uliofagiwa asubuhi huonyesha nyoka mapema. Mtoto anayetambaa haokoti uchafu. Na mama aliyeamka na huzuni, akashika ufagio wake wa vijiti na kuufagia uwanja mpaka mwisho, anajua moyo wake unavyotulia kidogo. Hilo halina haja ya mgeni kulithibitisha.

Kisha liko jambo zito zaidi, na hili tulilipata siku ya pili, tulipokwisha kuvuka kuingia wilaya ya Kyerwa (iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012). Tulilala kwa mama mmoja mjane. Kaburi la mumewe liko mbele ya nyumba, kama ilivyo desturi ya kuzika kibanjani, nalo limezungukwa na maua ambayo yeye huyamwagilia hata kiangazi, kwa maji ya kubeba kichwani kutoka bondeni. Tulimwuliza, kwa upole, kama maji hayo hayangefaa zaidi jikoni.

Akatueleza kwamba mumewe alipofariki, shemeji zake walikaa baraza la ukoo wakasema kibanja ni cha ukoo, na mwanamke ni wa kupita tu. Yeye hakuwa na karatasi hata moja. Majirani ndio waliosimama. Mmoja alisema migomba ile ya mbele alimwona mama huyu akiipanda akiwa mjamzito. Mwingine akaonyesha matuta aliyoyachimba. Wa tatu akasema jiko lile lilijengwa kwa fedha za maharage yake. Kazi yake ilikuwa imekaa wazi mbele ya macho ya kijiji kizima kwa miaka kumi na sita, na haikuwezekana kuikana. Wakamwachia.

"Ndiyo maana ninamwagilia," akasema. "Anayepita aone kwamba kuna mwenyewe."

Tuliporudi tulilitafakari sana neno hilo, mwenyewe. Tunapouliza kama uzuri wa nyumba una maana kwa mwenyewe, je, ni nani huyo? Wengi wetu tunafagia, tunasiriba na kupanda maua katika nyumba ambayo jina letu halimo popote. Majirani wema ni baraka, lakini majirani hufa na kuhama. Yafaa tujue yaliyoandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia, ingawa Bi Hawa mwenyewe siku ile hakuambulia kitu. Na mwaka 1990 ulitoka mkoani kwetu Kagera ule uamuzi wa Holaria Pastory, aliyerithishwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia, akaliuza, ndugu wakampinga. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema mwanamke anayo haki ya kuliuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Mama anayepanga kumshawishi mumewe juu ya rangi ya ukuta, na aanze na hayo majina mawili.

Sasa, fedha kidogo zikipatikana, zianzie wapi? Hapa sisi tuna maoni yetu, na asiyekubaliana nayo na atuandikie. Kwanza paa, halafu mifereji na tangi la kukinga maji. Mifereji haipendezi sana machoni, wala hakuna mgeni aliyewahi kuisifu, lakini katika milima yetu ndiyo inayompunguzia binti safari za bondeni. Choo na jiko vifuate. Kuta za matofali mabichi tusizifiche kwa lipu tukadhani zimepona. Lile tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi mkoani, na fundi mmoja alituambia kwamba lipu haikushikilia ukuta wowote uliokuwa dhaifu. Ilianguka nao. Na kabla ya bustani ya maua upatikane mkeka au turubai, maana uwanja wa mbele kwetu ndipo tunapoanika kahawa. Ikianikwa juu ya udongo mtupu huokota mchanga na ukungu, na mnunuzi hapo ana sababu ya kukata bei. Mwezi wa sita hadi wa nane, zulia la maganda yanayogeuka kutoka wekundu kuwa weusi ndilo pambo la mbele ya nyumba, na sisi hatujaona ua linalolishinda.

Rangi ina siku yake. Hatujasema isipakwe.

Yule mama wa kwanza, wa chai, tulimpitia tena wakati wa kurudi. Alikuwa amekwisha zungumza na mumewe, wakapatana kwamba kahawa ya msimu ujao haiuzwi ingali maua, na kwamba sehemu ya fedha zake italipia lipu ya ukuta wa nyuma, palipo jiko. Baba alitania kwamba huko hakuna atakayeiona. Mama akamjibu, "Mimi nitaiona."